Kasuku Aliyembeba Amri

Mbwera ni kisiwa cha maneno. Mtu akipiga chafya huko mpungani, pwani wameshamtangaza mgonjwa, na kabla jua halijazama kuna mwanamke amekwisha mpikia uji. Basi siku ile Amri aliposimamisha uani kwake boriti ya mkoko iliyonyooka sawasawa, akafunga juu yake fito na njiti za miavuli mibovu zilizojipanga kama miiba ya samaki, watu hawakuhitaji kufundishwa kucheka. Wengine walisema anaanika upepo. Wengine walisema ile ofisi ya mjini ilipompunguza kazi ilimpunguza na akili.

Mkewe, Mwamini, hakucheka. Alikuwa akimpenda mumewe, na mtu unayempenda humwachi akachekwa peke yake. Lakini kuelewa na yeye hakuelewa.

Amri alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka mingi, kazi yake kugonga na kupokea simu za upepo. Ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka yalijaa sabuni za kila rangi na redio za kutoka Dubai, na maofisi yakawamwaga watu kama maji ya kuoshea mchele. Amri alirudi kwao, delta ya Rufiji, na sanduku la vyuma vya redio, kibali cha kurusha mawimbi kwa mapenzi tu na si kwa biashara, na ujuzi ambao kisiwani haukuwa na pa kuwekwa.

"Huko juu," alimwambia mkewe, "kuna kisanduku kinaizunguka dunia. Hakizidi ndoo ya maji. Hakikutengenezwa na serikali wala tajiri. Ni watu kama mimi tu, walimu na wanafunzi wa Ulaya wenye ugonjwa kama wangu, nao hela hawakuwa nayo. Antena zake wamekata tepu ya seremala, ile ya chuma inayojikunja. Kidude cha kutunza sauti wamekitoa kwenye mwanasesere anayeongea. Ukikirushia sauti kinapopita, kinaibeba, na kila kinakokwenda kinairudia, mpaka wenyewe waifute."

"Kumbe kasuku," alisema Mwamini.

Amri alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kisanduku kile hakikuitwa jina lake la Kizungu tena ndani ya nyumba ile. Kiliitwa Kasuku, na Kasuku alipokuwa karibu kupita, chai ilinywewa haraka.

Kila kitu cha Amri kilikuwa cha kuungaunga. Njiti za miavuli aliziokota jalalani, waya aliutoa kwenye spika iliyokufa, na kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma kama mchwa alavyo mbao, viungo vyote alivipaka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi. Nyumba ilinuka. Mama yake, Bi Mwanahalima, aliyekaa nyumba ya pili, alipita akiziba pua kwa ukaya wake wa kichwani. "Mwanangu huyu," alisema, "anataka kuongea na mbingu huku ananuka papa. Hata malaika watamkimbia."

Kazi yenyewe ilitaka watu wawili, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Amri alikaa ndani mbele ya redio, akiifuata sauti ya Kasuku ambayo haitulii, hupanda akija na kushuka akienda. Mwamini alisimama uani, ameishika boriti kwa mikono miwili, akiizungusha taratibu. Kasuku alitokea upande wa Kilwa, akapita juu ya msikiti, akazama upande wa Dar es Salaam. Baada ya miezi michache Mwamini hakuhitaji tena kuelekezwa kwa kelele. Mikono yake ilikuwa imeijua njia ile kama miguu inavyoijua njia ya kisimani.

Akamfundisha na kugonga. Jioni wakimenya kamba, Amri aligonga sufuria kwa kijiko, ti na taa, fupi na ndefu, na Mwamini alitakiwa kutaja herufi. Akikosea, alimenyewa kamba mmoja pungufu. Mungu hakuwajaalia mtoto, na pengine ndiyo maana walicheza hivyo kama watoto wenyewe. Mwamini alishika haraka. Akajua na jambo ambalo hakuambiwa: kila mgongaji ana mkono wake, kama mtu alivyo na mwendo wake. Mkono wa Amri ulikuwa ukiivuta ile taa ya mwisho ya neno, kama mgeni ameshika kizingiti na hataki kuaga.

Kisha Amri akaalikwa Kibiti, huko bara. Kulikuwa na mwalimu pale aliyetaka wanafunzi wake wamsikie Kasuku, na Amri akaona heri amjengee kituo cha pili. Alichukua mtambo wa kurushia, akauacha nyumbani ule wa kupokelea tu.

"Kila asubuhi nitakugongea salamu," alimwambia Mwamini. "Zitatoka Kibiti, zitapanda angani, zitazunguka dunia, ndiyo zishuke Mbwera."

"Si upande boti tu ukaniambia mwenyewe?"

"Boti itakwama na maji mafu. Kasuku hakwami."

Akaondoka Jumamosi, anacheka. Jumapili na Jumatatu, Mwamini alimweka Bi Tatu, jirani yake, kwenye boriti, yeye akakaa kwenye redio, na salamu zikafika kweli. Ya kwanza ilisema Kibiti kuna vumbi. Ya pili ilisema wali wa huko si wali.

Jumanne asubuhi akaja Bushiri, mdogo wake Amri. Bushiri alikuwa kijana mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Alikuwa na boti ndogo ya mashine, na rafiki kila mkondo. Siku hiyo alikuwa amevaa shati la mtumba lenye maua.

"Shemeji, niazime betri ya redio," alisema. "Leo harusi ya Ashrafu, yule mnunuzi wa kamba. Spika nimepata, lakini spika bila betri ni sufuria. Kesho asubuhi iko hapa."

Mwamini alifikiri kidogo. Salamu ya leo ingekuwa ya nini? Ya vumbi tena, au ya wali. Kasuku ana kumbukumbu, kesho ataileta. Na shemeji ni shemeji, huwezi kumwambia betri ni ya kumsikilizia mumeo akisema hajashiba.

"Chukua," alisema.

Harusi ya mnunuzi wa kamba si harusi ya mkulima wa mpunga. Ilikula Jumanne, ikala Jumatano, Alhamisi ikawa inalamba vidole. Kaseti zilipigwa mpaka ng'ambo ya mto wakazijua kwa moyo. Mwamini aliisikia sauti ya spika ile ikija na upepo, akatabasamu, akasema wacha watoto wa watu wafurahi. Ijumaa asubuhi betri ikarudishwa, imekufa kabisa. Na saa ileile, kabla Bushiri hajaitua chini, boti ya watu wa Nyamisati, gati la huko bara, ikaingia na maji yanayojaa, na ndani yake alikuwa Amri, amefunikwa shuka.

Waliomleta walieleza wanavyojua. Mtu huyu alifika Nyamisati Jumatano kwa lori kutoka Kibiti, anatetemeka kwa homa. Dawa alikuwa amemeza, lakini kulazwa ugenini alikataa, alisema anakwenda kwake. Boti za kuelekea Mbwera hazikuwepo, zote zilikuwa kwenye msimu wa kamba. Akaketi pwani. Walimpa uji, walimpa jamvi. Walipomwambia aingie kivulini alikataa, alisema hataonekana. Alhamisi jioni akakata roho.

"Homa ilimpanda kichwani," alisema mmoja wao. "Alikuwa akitajataja kasuku. Kasuku keshachukua, kasuku keshapeleka. Tukamsomea dua."

Wanawake waliokuwa pale walitazamana, wakanong'ona habari za majini. Mwamini, aliyekuwa ameshikwa mabega na wawili wao ili asianguke, ndiye peke yake aliyeelewa. Amri hakuwa akiweweseka. Amri alikuwa amemgongea jambo.

Maiti haingoji. Walimwosha, wakamkafini, wakamswalia baada ya swala ya Ijumaa, wakamzika. Mwamini akavuliwa bangili, akavishwa nguo nyeupe, akaingizwa chumba cha ndani kukaa eda, miezi minne na siku kumi, asitoke, asijitie mafuta, sauti yake wasiisikie wanaume wasio maharimu zake. Bi Mwanahalima alihamia humo humo kumwangalia. Mama aliyefiwa na mke aliyefiwa, kitanda kimoja, jamvi moja.

Jioni, vishindo vya mazishi vilipopungua, Mwamini aliangalia kwenye tundu la dirisha. Uani hapakuwa na boriti. Pale iliposimama palikuwa na shimo tu, na pembeni njiti za mwavuli zimepindwapindwa kama takataka.

"Mama, mti wa Amri uko wapi?"

Bi Mwanahalima hakujua. Akamwita Bushiri, naye akaja akasimama nje ya ukuta, kama inavyopasa.

"Tulikuwa tunatafuta viunza, mama," alisema. Viunza ndiyo magogo yale yanayolazwa juu ya maiti kaburini, udongo usimguse. "Muda ulikuwa mdogo, boriti zilizonyooka hakuna, zote wamenunua watu wa Dar. Nikauona ule. Nikasema kaka aliupenda mti ule kuliko kitu chochote, basi aende nao. Nikaukata mwenyewe. Nimekosea?"

Mwamini alifumba macho. Ni nani angemwambia? Mtu mwingine wa mahali pengine angeona mtambo. Mtu wa delta akiona boriti ya mkoko iliyonyooka siku ya mazishi, anaona kiunza. Mti uliomletea salamu za mumewe sasa ulikuwa umemlalia mumewe kifuani, na aliyeufanya hivyo alikuwa ameufanya kwa mapenzi.

"Mwambie hakukosea," alimnong'oneza mama mkwe. Kisha akaanza kulia, na kwa kulia akamweleza yote: kwamba Kasuku ana sauti ya Amri tumboni mwake, kwamba kila Jumatatu wenyewe huko Ulaya humfuta akaanza upya, na kwamba zimebaki asubuhi mbili tu, kesho na kesho kutwa. Baada ya hapo Amri hatasikika tena duniani.

Bi Mwanahalima alimsikiliza. Alikuwa mwanamke aliyeziba pua kwa ajili ya mambo haya miaka miwili mizima. Akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Mwavuli wako. Na betri za tochi."

Mwavuli wa bibi ulikuwa mzima, wa kuendea msibani, alioletewa na Amri mwenyewe. Waliuvunja njiti kwa njiti. Bushiri, alipoombwa kupitia ukutani, alileta fito na ukili, akavipitisha chini ya mlango. Waya wa zamani ulikuwa bado unaning'inia ukutani. Mwamini alizifunga njiti kwenye ufito kwa ukili, moja moja, akipima kwa shibiri kama alivyomwona mumewe akipima. Haikuwa nzuri. Ilifanana na mgongo wa samaki aliyekwisha liwa. Lakini ilikuwa nyepesi, mtu angeweza kuishika mkononi, na hapakuwa na haja ya kutoka nje kuvunja eda ya Mungu, kwa sababu makuti makavu ya paa hayazuii mawimbi. Ingekuwa nyumba ya bati, kama Bushiri alivyokuwa akiwashawishi kila siku waezeke, kazi ingeishia hapo.

Betri za tochi zilitoka kwa wafiwa. Kila aliyelala matangani alikuwa na tochi, na Bi Mwanahalima alipita kwa wanawake akikusanya, akisema tu, "Naombeni, mwanangu anazihitaji," na hakuna aliyeuliza ni mwana yupi. Nyingi zilikuwa zimechoka. Waliziamsha kama tunavyoziamsha sote, kwa kuzianika, asubuhi ya Jumamosi, kwenye ungo pamoja na mchele. Kisha wakazipanga ndani ya kipande cha mpira wa baiskeli, moja nyuma ya nyingine, zikatosha.

Jumamosi Kasuku alipita, na mambo yakaharibika. Mwamini alikuwa kwenye redio. Bi Mwanahalima, aliyesimama katikati ya chumba ameishika antena kama anayemtwanga nyoka, alikwenda mbio kuliko Kasuku.

"Polepole, mama. Yuko kule bado, hajafika msikitini."

"Nitajuaje mimi? Simwoni!"

Wakasikia mvumo, wakasikia Mzungu anajitaja jina, wakasikia mtu anaimba. Kisha, kwa mbali kabisa, Kasuku akiwa tayari anazama, ti na taa. Mwamini aliganda. Ile taa ya mwisho ilivutwa, ikashikilia kizingiti. M-W-A-M-I-N-I. Halafu kimya.

"Ndiye?" aliuliza mama.

"Ndiye. Kaniita jina."

Bi Mwanahalima aliketi chini na antena yake mapajani, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Hakuwa amelia kaburini, kwa sababu wanawake hawakwenda kaburini, wala hakuwa amelia nyumbani, kwa sababu alikuwa na mkwe wa kumtunza. Sasa alilia kwa mlio wa redio.

Jioni ile Bushiri alikuja tena ukutani. Alisalimia, kisha wakamsikia akikwaruza udongo kwa kidole.

"Mama," alisema mwishoni. "Hilo jambo alilotuma kaka. Wanasema alifika Nyamisati Jumatano. Sasa Jumatano betri ilikuwa kwangu. Na boti yangu ilikuwa imefungwa tu pwani pale harusini, haina kazi. Nauliza tu."

Wakamsikia akiondoka. Bi Mwanahalima alikuwa akitazama koroboi, na uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa mgumu kama wa mtu ambaye Mwamini hamjui.

"Kama Amri aliita," alisema polepole, "na Bushiri akawa anacheza ngoma kwa masikio ya kaka yake, basi nimezaa wawili na nimezika wawili. Simtaki mlangoni kwangu. Nikifa asinishike jeneza."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Kesho utaniambia alichosema mwanangu, na usinifiche."

Mwamini hakulala vizuri. Tangu Ijumaa alikuwa ameomba aisikie sauti ya mumewe, hata neno moja, hata habari za wali. Sasa aliiogopa. Aliomba iwe salamu. Aliomba Amri awe amelalamikia vumbi. Kwa maana kama Bushiri aliichukua betri, nani aliyeitoa? Neno lile moja, chukua, lilikuwa limekaa kooni mwake kama mwiba wa samaki ngogo, na hakuwa amemwambia mtu.

Jumapili alfajiri ikanyesha. Haikuwa mvua ya maana, manyunyu tu, lakini makuti yalilowa, na makuti yaliyolowa ni ukuta. Saa ya Kasuku ilipokaribia walifungua redio, wakasikia mchakacho tu. Mwamini alizungusha kitufe huku na huku. Mama alikuwa ameielekeza antena Kilwa, mahali penyewe, mkono umetulia, jana ilikuwa imemfundisha. Hakuna kitu.

"Paa limelowa," alisema Mwamini, na sauti ikamtoka kubwa kuliko inavyompasa mwenye eda. "Hatasikika. Basi tena. Imekwisha."

Nje kulikuwa na kishindo. Mtu alikuwa ameparamia ukuta. Wakasikia kamba zinakatwa kwa panga, na vumbi likawaangukia, kisha vipande vya makuti, kisha mwanga. Bushiri alikuwa juu ya nyumba ya kaka yake anaing'oa kwa mikono, kuti kwa kuti, pale pale juu ya chumba, na uso ameugeuzia upande wa bahari asije akamwona shemeji yake. Alifungua paa kuanzia upande wa Kilwa mpaka upande wa Dar es Salaam. Alipomaliza aliruka chini, akaketi nje ya ukuta, mgongo ameuegemeza udongoni. Walimsikia akihema.

Na Kasuku akaja.

Alikuja wazi, na safari hii hapakuwa na Mzungu wala mwimbaji mbele yake. Mkono wa Amri ulijaa chumba kizima. Mwamini hakuandika kitu, aliweka viganja magotini na kusikiliza, na herufi zikajipanga zenyewe.

MWAMINI. HOMA IMENISHIKA VIBAYA. MWAMBIE BUSHIRI ALETE BOTI NYAMISATI LEO. NYINGINE HAKUNA. NITAKAA PWANI ANIONE. MSICHELEWE. AMRI.

Ti za Amri zilikuwa zinajikwaa, na neno Nyamisati alilikosea, akalirudia. Mtu mwenye homa, ameketi chumba cha watu huko Kibiti, anagonga kwa kidole ambacho hakimtii, na hakuwa na shaka hata kidogo. Hakusema kama mnanisikia. Alijua mkewe yupo. Mkewe hakukosa hata asubuhi moja.

"Kasema nini?" Bi Mwanahalima alikuwa bado ameinua antena, akiizungusha taratibu. "Mwanangu, kasema nini?"

Na kutoka nje ya ukuta, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chombo, "Shemeji? Kaka kasema nini?"

Mwamini aliutazama uso wa mama mkwe wake. Alikuwa mwanamke aliyebakiwa na mtoto mmoja, naye huyo mmoja alikuwa nyuma ya ukuta wa udongo wa unene wa kiganja kimoja, anangoja kuhukumiwa. Ukweli ulikuwa wake yeye Mwamini. Hakuna mwingine kisiwani, wala Kibiti, wala Rufiji nzima, aliyeweza kuusoma.

"Kasema anawasalimia," alisema. Sauti yake ilitulia kuliko alivyotegemea. "Kasema ana kihoma kidogo, kitapita. Asihangaishwe mtu. Atakuja mwenyewe taratibu, boti ikipatikana. Kasema mama asiwe na wasiwasi. Na Bushiri kamtakia raha njema huko harusini kwa Ashrafu."

Nje, Bushiri alipiga kelele moja isiyokuwa neno, kisha akawa anasema Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, huku analia na kupiga ukuta kwa kisogo. Uso wa Bi Mwanahalima ulilegea wote kwa pamoja.

"Ndiye yeye," alisema. "Tangu mdogo. Hapendi kumhangaisha mtu. Ndiye yeye kabisa."

Redio ilikuwa imenyamaza kidogo. Kasuku, ambaye hakuwa na kingine cha kusema siku ile, akaanza tena.

"Anarudia!" Mama alichangamka, akainua antena juu zaidi. "Huyo, anarudia. Usizime, mwanangu, acha tumsikilize mwenyewe."

Mwamini hakuzima. Bi Mwanahalima alikuwa akitikisa kichwa taratibu, akiifuata ile ti na ile taa kama mtu anayesikiliza kaswida, machozi yanamtiririka na huku anatabasamu, na nje Bushiri alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja ili usimpotee hata mlio mmoja. "Sauti nzuri," alisema bibi. "Sikujua ilikuwa nzuri hivi." Amri akamwita mkewe kwa jina. Akasema homa imemshika vibaya. Akaomba boti, akasema atakaa pwani aonekane. Mwamini alikaa baina ya wale wawili waliofurahi, naye akatikisa kichwa pamoja nao, na mumewe akaendelea kuomba boti, kila neno chini kidogo kuliko lililotangulia, mpaka Kasuku alipozama naye upande wa Dar es Salaam.